Mwezi wa Nasoro na Leza ya Alimasi

Mtaa wa Waswahili pale Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, mtu akikuuzia mawese yaliyotiwa maji, humwiti mwizi. Unayatazama mafuta, unamtazama na yeye, unasema, "Haya ni mwezi wa Nasoro." Watu wanacheka, muuzaji anaona haya, bei inashuka. Ahadi ya fundi cherehani kwamba nguo itakuwa tayari Ijumaa nayo ni mwezi wa Nasoro. Hata mimba iliyotangazwa mapema mno ikaja kuwa gesi ya maharage, iliitwa hivyohivyo.

Nasoro mwenyewe alikuwa hai, mzima, anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, wakavu, sokoni kwa sauti inayosikika mpaka njia ya Bugarama. Kosa lake lilikuwa moja. Mwaka mmoja kabla ya uhuru, jioni ya ishirini na tisa ya Ramadhani, watu wamejipanga ufukweni wanatafuta mwezi juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, Nasoro alinyoosha kidole akapiga ukelele, "Mwezi huooo!" Kweli kulikuwa na kitu kinang'aa kule. Dufu zikapigwa, mbuzi wakachinjwa, asubuhi sala ya Idi ikasaliwa. Jioni yake watu wakarudi ufukweni kupunga upepo na matumbo yao yaliyojaa, na mwezi wakaukuta palepale, haujasogea hata shubiri, ila sasa unatoa moshi. Kumbe kulikuwa na Mkongomani huko juu anachoma makaa yake kwa raha zake.

Mtaa mzima ulilipa siku ile kwa kufunga tena. Mtu mmoja tu hakulipa, naye ni Alimasi, shemeji yake Nasoro, fundi wa taa za karabai. Yeye jioni ile alisema, "Mimi sijaona mwezi, nimeona mwanga tu," na kesho yake akafunga peke yake huku majirani wakimpitishia sahani za pilau chini ya pua. Tangu hapo Shehe Radjabu akaweka amri: jioni ya mwezi, hakuna kufungua mdomo mpaka Alimasi afungue wake.

Amri hiyo haikumshangaza mtu. Alimasi alikuwa na macho ya ajabu. Baba yake alikuja kutoka Manyema na mzigo wa Mbelgiji kichwani, akautua Rumonge, akaoa, akakataa kuubeba tena. Mtoto akazaliwa hapohapo, mwembamba, mrefu, shingo kama ya korongo, na juu ya ile shingo yakapachikwa macho ya mwewe. Mitumbwi ikirudi asubuhi kutoka kuvua, bado ni vidoa tu majini, Alimasi alikwambia nani yuko katika upi, kwa namna mtu anavyopiga kasia. Siku ya uhuru, watu walipojazana kutazama bendera mpya ikipanda, walio nyuma hawakuona ila migongo. Alimasi alisimama juu ya pipa tupu la mawese akawasimulia: "Katikati iko ngoma. Pembeni ya ngoma iko mutama. Anayevuta kamba amefunga vifungo vya shati kombo." Wakapiga makofi, nusu wakimpigia mfalme, nusu Alimasi.

Kazi yake ilikuwa kwenye kibanda karibu na mwalo wa mitumbwi. Karabai ndiyo inayowaita ndagala usiku, kwa hiyo taa ikiugua Rumonge, mji mzima unalala na njaa. Alimasi alizibua matundu kwa sindano, akabadili visoksi vinavyowaka, akapiga pampu, akasikiliza ile "shhhh" ya taa iliyopona kama mama anayesikiliza mtoto amelala. Na kwa kuwa kibandani kulikuwa na redio, kulikuwa na watu. Na kwa kuwa kulikuwa na watu, kulikuwa na Nasoro.

Basi ulikuwa ndio mwaka wa 1969, watu wamekwenda mwezini na kurudi, na redio haikuwa na habari nyingine. Alasiri moja ilisema kwamba wale wasafiri wameacha kioo huko juu.

"Kioo?" Nasoro akaruka. "Nani anajitazama kule? Wananyoa ndevu?"

Aliyejibu ni Hyacinthe, infirmier, yaani muuguzi wa zahanati, Mrundi wa mlimani, Mkatoliki, aliyezoea kushusha baiskeli yake pale kila akitoka kazini. Hyacinthe alisoma magazeti ya Kifaransa mpaka kwenye matangazo ya dawa ya meno.

"Haiko cha kujitazamia, bwana. Wanapiga mwanga kutoka hapa duniani, unakwenda kugonga kile kioo, unarudi. Wanapima muda wake, wanajua mwezi uko mbali kiasi gani. Unaitwa leza. Kabla sijamaliza kupiga ishara ya msalaba, umekwenda na umerudi."

"Msalaba wako unaupiga polepole au mbio?"

"Polepole. Nina imani, siyo kama weye."

Watu wakacheka. Alimasi hakuinua kichwa kwenye taa aliyokuwa akiifungua. "Hyacinthe," akasema, "karabai yangu inang'aa mpaka inaumiza macho, lakini haifiki hata katikati ya ziwa. Huo wenu unafikaje mwezini?"

"Mzee Alimasi, mwanga wa karabai ni kama watu wa soko. Huyu anakwenda kwa ndagala, huyu kwa mihogo, huyu kwa mke wa mutu."

"Nasoro huyo," mtu akasema kwa nyuma.

"Kila mmoja na njia yake, ndiyo maana wanaishia njiani. Leza ni kama askari kwenye gwaride. Rangi moja, hatua moja, wote mbele. Inakwenda safari yote hiyo, na ikifika haijatanuka zaidi ya mji wetu huu. Na nguvu! Mwanzoni wataalamu walikuwa wanaipima kwa nyembe za kunyolea. Wanazipanga pamoja, wanaipiga mara moja. Ikitoboa nyembe mbili, basi wanasema hii ni leza ya nyembe mbili."

"Mungu wangu," akasema Nasoro. "Na ndevu zenyewe wananyolea nini sasa?"

"Inatoboa hata almasi, ile ya kweli."

Hapo Nasoro alishindwa kukaa. Alisimama akamshika fundi bega. "Shemeji! Umesikia? Imepatikana taa ya kukutoboa! Dada yangu anahangaika na weye miaka yote hii, kumbe dawa iko Amerika!"

Kibanda kikatikisika kwa vicheko. Hyacinthe akangoja vipungue, akaongeza kama mtu anayetupia kuku punje ya mwisho, "Na hiyohiyo inayotoboa almasi, madaktari wanaitumia kuponya macho."

Sindano ya Alimasi ikasimama juu ya tundu la taa. Ilikaa hapo kidogo, halafu ikaendelea. Hakuna aliyeona, maana wote walikuwa bado wanamcheka.

Ukweli ni kwamba tangu mwaka uanze, ukungu ulikuwa umeingia katika macho ya Alimasi na haukutaka kutoka. Karabai ikiwaka aliiona imevaa pete kubwa ya rangi, kama bibi harusi. Mitumbwi ya asubuhi ilikuwa ziwa tu lenye kelele. Nasoro alimtambua kwa mdomo wake, jambo ambalo halikuhitaji macho. Taa alizitengeneza kwa vidole, na vidole havikumwangusha. Lakini nyumbani alimimina chai nje ya kikombe, na mkewe Batuli alipotazama meza, Alimasi akasema, "Mvuke huo, mama Aziza, unanizuia." Batuli akabadili kitambaa cha meza. Chai yenyewe ilikuwa ya jana, imepoa.

Kusema, hakuweza. Watu wanaitwa kwa mali zao, au kwa watoto wao, au kwa vilema vyao. Yeye, tangu jioni ile ya makaa, aliitwa Alimasi Jicho. Ukilitoa jicho, anabaki nani? Tena Ramadhani ilikuwa inakuja, na mwisho wa Ramadhani kuna jioni moja ambayo mtaa mzima unaning'inia kwenye kope zake.

Ramadhani ilipofika katikati, alikwenda zahanati. Alikaa mbele ya Hyacinthe, akasafisha koo.

"Amahoro, Hyacinthe. Nina rafiki yangu. Anakaa mbali, kule Kabonga."

"Amahoro, muzee. Rafiki ana nini?"

"Macho. Anaona kama kuna moshi. Sasa nikakumbuka ile leza yako. Nikasema, labda nimuulizie."

Hyacinthe alimtazama. Akamshika kidevu, akamgeuzia dirishani kama anayekagua embe. "Huyu rafiki wa Kabonga," akasema, "ni mrefu? Shingo kama ya korongo? Anarekebisha karabai?"

Alimasi akainamisha ile shingo.

"Ni mtoto wa jicho, muzee. Yote mawili. Leza haikufai. Ajabu yake ndiyo hii: inapita kwenye kioo cha mbele cha jicho bila kukiunguza, inakwenda kushona pazia la nyuma likibanduka. Lakini pazia lako zima. Kioo chako ndicho kimeingia ukungu."

Alimasi akafikiri. Halafu akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze. "Yaani ni chimni ina masizi. Na mimi nilikuwa natafuta moto mkubwa zaidi."

"Umesema vizuri kuliko mwalimu wangu. Chimni haitaki moto, inataka kuoshwa. Iko daktari Bujumbura anaitoa ile kitu kwa kisu. Hauhitaji kwenda Amerika. Panda camionnette ya abiria."

"Kwa kisu," Alimasi akarudia. Kicheko kikamwisha. "Baada ya Idi. Na Hyacinthe, murakoze, asante sana, lakini usimwambie mutu."

"Mimi ni infirmier. Ningekuwa nasema ninayoyajua, mji huu usingekuwa na ndoa hata moja."

Jioni ya ishirini na tisa ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, ziwa limetulia kama mafuta kwenye sufuria, na juu ya milima ya Kongo mawingu yalikuwa yamejazana, isipokuwa ufa mmoja mwembamba. Watu walifungua kwa maji na ndizi palepale mchangani. Nyumbani mchele ulikwisha kuchambuliwa. Mbuzi wa Idi walikuwa wamefungwa na kuonekana kama wana habari. Akina mama walisimama na kanga zao mabegani, wazee mbele, na mbele ya wazee, peke yake kama nguzo, Alimasi.

Hata Hyacinthe alikuwapo, ameegemea baiskeli. Alisema amekuja kupunga upepo.

"Alimasi," Shehe Radjabu akaita, "unaona nini?"

Alimasi aliona maziwa yaliyomwagika. Juu maziwa, chini maziwa. Akiapa ameuona, anaapa uongo mbele ya Mungu usiku wa mwisho wa mfungo. Akisema hauko, na kumbe uko, mtaa mzima utafunga siku ya Idi, jambo ambalo ni haramu, na dhambi yao ataibeba yeye. Akisema sioni... Hapana.

Akasikia mdomo wake ukisema jambo jingine.

"Shehe, mwaka huu kuna tatizo. Wale watu wameweka kioo kule. Wanapiga leza. Sasa mimi nikiona mwanga, nitajuaje ni mwezi wetu au ni leza yao? Nitaapaje?"

Kelele zikapanda.

"Kumbe Wamarekani wametuharibia Idi!"

"Wanapachika kioo kwenye mwezi wa watu bila kubisha hodi!" bibi mmoja akalalamika.

"Na mchele wangu nimekwisha uloweka!"

Shehe Radjabu alikuwa mtu wa vitabu, lakini hakuna kitabu chake kilichokuwa na mlango wa leza. Akageuka. "Hyacinthe, weye ndiye uliyeleta hii kitu mtaani kwetu. Sema. Ule mwanga unaonekana?"

Hyacinthe alimtazama Alimasi kwa huruma. Lakini aliulizwa na shehe, mbele ya watu. "Hapana, shehe. Unaorudi ni kidogo kabisa, jicho la mtu haliuoni. Wao wenyewe wanautafuta kwa mashine."

"Basi!" akasema shehe. "Alimasi, umesikia. Ukiona kitu, ni mwezi. Haya, tazama."

Na hapohapo nyuma ya watu sauti ya soko ikapasuka: "Mwezi! Mwezi huo, kwenye ufa!"

Ilikuwa sauti ya Nasoro.

Loo, vicheko! Watu walishikana mabega wasianguke. "Mwezi wa Nasoro!" watoto wakaimba. "Leteni makaa tuchome nyama!" Hakuna aliyegeuza shingo hata kidogo kutazama mbinguni. Nasoro alipenya katikati yao, kofia imemtoka, akaja kusimama mbele ya shemeji yake. Na Alimasi, ambaye kwa miaka yote hajawahi kusikia sauti ile bila mzaha ndani yake, sasa aliisikia haina mzaha hata chembe.

"Shemeji," Nasoro akasema chini chini. "Mimi hawatanisikia. Lakini weye unauona. Waambie tu. Nimechoka kuitwa jina la uongo."

Alimasi aligeuza uso kwenye ile sauti. Alifikiri juu ya majina mawili, Jicho na Mwezi wa Nasoro, na akaona kwamba yote mawili yalizaliwa jioni moja, na moja limekuwa likila katika sahani ya mwenzake.

"Nasoro," akauliza, "unatoa moshi?"

Watu wakacheka tena. Nasoro hakucheka. "Hautoi moshi, shemeji. Umelala chali kama mutumbwi."

"Umesimama au unashuka?"

"Unashuka, unaelekea mlimani! Harakisha!"

Moto wa makaa haushuki. Alimasi alivua kofia yake, akawageukia watu, yaani akaugeukia ule weupe uliokuwa unapumua.

"Jamani, leza haina kosa. Mimi macho yangu yamekwisha. Tangu mwanzo wa mwaka sioni hata pua ya Nasoro, na mnajua wenyewe ilivyo. Niliona haya kusema. Msinitazame mimi. Geuzeni shingo, tazameni kule!"

Wakageuza.

Na hapo ndipo Rumonge ilipogundua jambo la kuchekesha kuliko yote. Miaka yote ile, jioni ya mwezi, hakuna aliyekuwa akitazama mwezi. Walikuwa wanamtazama Alimasi. Sasa shingo zote zilipogeuka kwa pamoja, vidole vikaanza kunyooka kimoja kimoja, halafu kumi kumi. "Ule pale!" "Wapi?" "Fuata kidole changu, si hicho, hiki!" Bibi wa kioo aliuona, mwenye mchele aliuona, muuza vitumbua mwenye chongo aliuona. Mwembamba kama ukucha uliokatwa, mweupe, umekaa ndani ya ufa wa wingu.

"Na mimi nauona!" Hyacinthe akapiga kelele, amejisahau.

"Weye funga kwanza Ramadhani nzima, halafu uje kushuhudia," Shehe Radjabu akamjibu, na kwa mara ya kwanza watu waliona shehe akicheka mpaka ndevu zinacheza. Akaita wazee wawili waape, akamwita na Nasoro awe wa tatu. Nasoro aliapa kwa sauti iliyozisahaulisha dufu kazi yake. Kisha mlima ukaumeza mwezi, lakini ulikuwa umechelewa, maana tayari sahani na masufuria yalikuwa yanapigwa mtaa mzima.

Batuli alimkuta mumewe bado amesimama mchangani, kofia mkononi, anatabasamu kwa upande ambao hakukuwa na mtu.

"Baba Aziza," akasema, akimshika mkono, "miezi yote hii unamimina chai kwenye kitambaa. Ulidhani nani anafua?"

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilitaka kuona utafika mpaka wapi na huo mvuke wako. Twende, pilau haijipiki."

Njiani Nasoro aliwafikia mbio, akamkumbatia shemeji yake shingo mpaka wakayumba wote wawili. Hakusema kitu. Ilikuwa mara ya kwanza.

Baada ya Idi Alimasi alipanda camionnette kwenda Bujumbura, Nasoro kando yake akimsimulia kila mti na kila mbuzi wa barabarani, nusu yake uongo. Alirudi na miwani minene kama vitako vya chupa, iliyomfanya aonekane kama samaki anayeuliza bei. Lakini aliona. Aliona visoksi vya taa, aliona mikunjo ya uso wa Batuli akaikuta imeongezeka, akawa na akili ya kutoisema.

Ramadhani iliyofuata, mtaa mzima ulijipanga ufukweni, na safari hii kila mtu alitazama juu. Mwezi ulionekana na watu wengi kiasi kwamba Shehe Radjabu alilazimika kuwanyamazisha ili apate mashahidi wanaosikika. Watu walikwisha kutawanyika kwenda kula, mchanga umebaki na nyayo tu, ndipo Alimasi, aliyekuwa bado anasogeza miwani mbele na nyuma, aliporuka kama mtoto akapiga kelele, "Nauona! Wallahi nauona! Umelala chali!"

Nasoro, aliyebaki kumngoja, alitazama mbinguni kwa uangalifu mkubwa, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Hapana, shemeji," akasema. "Hiyo ni leza."